Sauti Inayozimwa Kwenye Kona ya Fundi Viatu

4 Februari

Dada,

Na bado sijamaliza, maana karatasi ya barua ile nyingine iliniishia nilipofika tu kwenye sauti yake, na sauti ndiyo jambo lenyewe. Lakini kwanza shikamoo. Mama amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeiandika. Presha yake imetulia. Anashona sare za shule tangu asubuhi, chumba cha mbele kimejaa nyuzi hadi ndani ya kopo la sukari. Anakusalimu, na anakukumbusha kwamba ni yeye aliyeamuru tuandikiane baada ya yale tuliyotukanana kwenye simu, kwa sababu mtu hawezi kupiga kelele kwa kalamu. Nadhani hajawahi kusoma barua zako. Nambari yako mpya anayo na hanipi, anasema mpaka tutakapojua kuongea.

Basi, mume wangu. Naliandika neno hili polepole, nalipenda, nikimaliza naliangalia. Mume wangu anaendesha lile gari la matangazo la halmashauri, lenye vipaza sauti viwili vilivyofungwa juu kama masikio ya sungura. Ulimwona mara moja tu, siku ile ulipokuja Oktoba ukakaa siku mbili ukaondoka umenuna, na siku hiyo alikuwa na mafua. Hujamsikia. Mji mzima unamwita Bwana Tangazo. Dada, hata tangazo la mbwa kuchanjwa, akilisoma yeye, unatamani kuwa na mbwa. Wiki hii ametangaza kwamba maji yatatoka Jumanne na Ijumaa tu, kwamba gari la taka limeharibika tena, kila mtu akae na taka zake kwa amani, na kwamba diwani mpya anawashukuru waliompigia kura na kuwasamehe ambao hawakumpigia. Watu wamesimama barabarani kumsikiliza kama wanasikiliza muziki.

Sasa sikia anavyofanya. Akifika kona ya fundi viatu, anazima. Mtaa wetu wote anaupita kimya, mpaka kule kwenye mashine ya kusaga ndipo anawasha tena. Kwa nini? Kwa sababu yangu. Anasema mtaa huu una mtu mmoja wa kutangaziwa na huyo hahitaji umeme. Anasimamisha gari chini ya dirisha langu, anashusha kioo, anasema kwa mdomo mtupu: “Wananchi wote wa dirisha hili mnatangaziwa kwamba mnapendwa, leo na kesho, mpaka mtakapopewa taarifa nyingine.” Kila siku, Dada. Hajaruka hata moja. Nikisikia tu kimya kinaanza pale kwenye kona, ninaacha kila ninachofanya. Juzi niliacha pasi juu ya sare ya mtoto wa watu.

Picha za harusi zimetoka. Kiti chako kipo. Mpiga picha alitaka kukiondoa ili watu wasogeleane, nikamwambia akiache hapo hapo, kionekane.

Mimi, mke wa mtu.

~

19 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako imefika, konda wa basi ameikalia njia nzima. Mimi mzima. Hapa hospitali kwenye chumba cha kufulia mashine mbili kati ya tano zimekufa, na mimi ndiye msimamizi wa zamu, kwa hiyo wanafua kwa mikono na kunilaani kwa midomo. Mwambie Mama asikae kwenye cherehani zaidi ya saa mbili bila kunyoosha miguu. Wewe upo hapo kumwambia, au upo dirishani?

Nimeisoma barua yako mara moja. Imenitosha.

Nina swali. Huyo bwana akizima sauti kwenye kona ya fundi viatu na kuiwasha kwenye mashine ya kusaga, watu wa katikati wanatangaziwa na nani? Wewe unatangaziwa kwamba unapendwa, vizuri. Fundi viatu je? Yule mwalimu mstaafu anayesoma gazeti la juzi? Hiyo Jumanne na Ijumaa ya maji wameijuaje? Gari ni la halmashauri, mafuta ni ya halmashauri, na mtaa ni wa watu tisa wenye nyumba zao. Mwambie awashe.

Abiria mmoja aliyetoka huko ameniambia ameona watu wakipigilia vigingi nyuma ya mashine ya kusaga. Vigingi havipigiliwi kwa mapenzi. Ulizeni halmashauri kama kuna tangazo lolote la viwanja. Mimi niko mbali, nasema tu.

Kuhusu harusi, nilishakuambia: kazi ilikuwa nyingi. Kuhusu mwanamume anayehamia kwa mama mkwe na sanduku moja na sauti nzuri, sina la kusema.

Dada yako.

~

27 Machi

Dada,

Usihesabu siku nilizochelewa, najua umeshazihesabu. Shikamoo. Mama hayupo nyuma yangu leo, amelala, kwa hiyo hiyo shikamoo ni yangu mwenyewe, ipokee kabla sijabadili nia.

Barua yako ilinikuta na furaha zangu, nikaiweka chini ya godoro. Nilisema huyu ana wivu, basi. Msichana aliyemaliza kidato cha nne darasa moja na mimi, ambaye sasa ni mwuza dawa hapa mjini, alisema vivyo hivyo nilipomsomea. Alisema dada mkubwa asiyeolewa akimwona mdogo wake ameolewa, hata kivuli cha dirisha kinamuudhi. Sikumkanya.

Nakueleza yaliyotokea. Tarehe kumi na tatu asubuhi nilitoka kumwaga maji nikakuta ukuta wa mbele umechorwa X ya rangi nyekundu, kubwa kuliko mlango, bado inachuruzika. Kwa fundi viatu X. Kwa mwalimu mstaafu X. Nyumba zote tisa. Kijana wa kupaka rangi alikuwa ameshafika kwenye mashine ya kusaga, anapiga mluzi. Kumbe barabara ya kwenda stendi mpya itapita hapa. Tangazo linasema wenye viwanja namba arobaini na moja hadi arobaini na tisa walipewa siku thelathini, kuanzia Februari kumi na moja, kupeleka hati zao halisi na pingamizi lao. Asiyepeleka amekubali kuondoka. Siku thelathini zimeisha Machi kumi na mbili. Katika mtaa wetu hakuna aliyepeleka hata karatasi ya kufungia vitumbua. Viwanja vina namba, sisi tunaita kwa fundi, kwa mwalimu, kwa mshona sare. Ya kwetu ni ipi katika hizo mimi sijui, na Mama hajui.

Fundi viatu amesimama mlangoni kwetu na nyundo yake mkononi. Akasema, “Mama, mkweo hutangaza mpaka paka akipotea. Hili lilimpita wapi?” Mume wangu akajibu kwamba alilitangaza mji mzima, siku hiyo ya kumi na moja, mara mbili. Na ni kweli, alilitangaza. Watu hawasikilizi, Dada. Watu wanasikiliza sauti, maneno wanayaacha yapite.

Mama ameosha ukuta kwa sabuni na brashi ya kufulia. X haikutoka, imekuwa ya waridi. Tangu siku hiyo presha imempanda na hasemi na mtu, anashona tu. Mwalimu mstaafu anapokuja kuchukua suruali zake anaweka kiti nje, hataki kuingia nyumba anayolala mume wangu.

Mume wangu ni yule yule. Amekonda kidogo. Jana amenisimamishia gari dirishani akaniambia ninapendwa mpaka nipewe taarifa nyingine, nami nikacheka, lakini niliona fundi viatu anatutazama.

Kitu kimoja. Nimefungua sanduku la Baba kutafuta hati ya nyumba. Nimekuta picha zake, cheti chake cha kazi na ile saa isiyokwenda. Hati sikuiona. Wewe unakumbuka ilikuwa wapi? Sijamwambia Mama kwamba haipo.

Mdogo wako.

~

8 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima, mashine ya tatu nayo imekufa.

Usinifundishe kwamba watu hawasikilizi. Barua yako ya Februari nne ninayo hapa, nimeifungua juu ya meza ya kupigia pasi. Umeandika kwa mkono wako mwenyewe, mwandiko wa shule, kwamba kwenye kona ya fundi viatu anazima na kwenye mashine ya kusaga anawasha. Kila siku, Dada, umesema. Hajaruka hata moja. Basi hata Februari kumi na moja hakuruka. Alilitangaza mji mzima, mara mbili, isipokuwa mtaa ambao tangazo lilikuwa lake. Watu tisa wanapoteza nyumba kwa sababu wewe ulitaka kubembelezwa mchana wa kazi.

Na barua yangu ya onyo ulikuwa nayo. Konda ameniapia kwamba alikupa mkononi tarehe ishirini na sita. Ulikuwa na wiki mbili nzima. Uliilalia.

Nyumba hiyo Baba aliijenga kwa miaka kumi na moja, mlango baada ya dirisha. Ukuta huo uliochorwa mimi nilibeba maji ya kukorogea udongo wake, wewe ulikuwa mgongoni kwangu umelala. Na usiniambie hujui namba. Ya kwetu ni arobaini na sita, imo humo humo kati ya arobaini na moja na arobaini na tisa, hata tangazo lingesomwa kwa mafua mtu angelisikia.

Nitakuambia nitakachofanya. Halmashauri haiwezi kusema watu walitangaziwa ikiwa mke wa mtangazaji mwenyewe ameandika kwamba hawakutangaziwa. Barua yako nitaituma kwa katibu wa halmashauri, kama ilivyo, na masikio yake ya sungura. Kama bwana wako atafukuzwa, atafukuzwa. Sauti anayo, atauza kahawa stendi.

Nakupa mpaka mwisho wa mwezi huu uniambie kama una neno.

Dada yako.

~

20 Aprili

Dada,

Leo hakuna shikamoo.

Neno ninalo. Nitakuambia ambalo sijamwambia mtu, halafu nitakuuliza ambalo hujaniambia.

Februari kumi na moja, saa tano asubuhi, nilisikia kimya kinaanza pale kwenye kona kama kawaida. Nilikuwa natundika pazia jipya, lile la maua ya manjano, nimepanda juu ya ndoo. Akasimamisha gari. Mkononi alikuwa na karatasi, akasema, “Leo lipo refu, mke wangu, limejaa namba namba, sijui hata ni za wapi. Ngoja nikusomee, pengine Mama anazijua.” Akaanza, “Wenye viwanja namba arobaini na moja…” Mimi nikatoa mkono dirishani nikamziba mdomo. Nikamwambia za halmashauri wape wa halmashauri, mimi nipe langu. Akacheka kwenye kiganja changu. Bado naihisi ile pumzi. Akaikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni, akanipa langu, akaenda zake. Mama alikuwa chumba cha mbele, hatua sita kutoka pale.

Kwa hiyo si yeye. Ni mkono huu unaokuandikia. Yeye hata hajanikumbusha. Siku X zilipochorwa alinitazama mara moja tu, akaangalia pembeni, na tangu hapo analibeba peke yake, anasema nilitangaza, nilitangaza, kama kasuku. Wewe unaona mwanamume aliyehamia na sanduku moja. Mimi naona mtu anayekaa na aibu yangu kinywani na kuitafuna bila kuitema. Nampenda kuliko siku ya harusi, na hilo ulitangaze nalo hapo kufulia.

Sasa wewe. Barua yako imejibu kila kitu nilichokuandikia, hata konda umemhoji. Swali moja umelipita kama gari linavyopita mtaa wetu. Nilikuuliza hati iko wapi.

Halafu ukajisahau. Umeandika ya kwetu ni arobaini na sita. Mama hajui namba, mimi sijui namba, mlangoni haipo, bili ya maji inakuja kwa jina la Baba. Hiyo namba imeandikwa kwenye karatasi moja tu duniani. Umeijuaje, Dada?

Nimerudi kwenye sanduku la Baba. Kufuli lake ni lile la funguo mbili. Mmoja anao Mama shingoni. Nani ana wa pili?

Unanitisha kwa barua yangu. Fundi viatu, au mwalimu, au yeyote mwenye hati yake ndani angelisikia lile tangazo angekwenda. Sisi tungelisikia hata mara mia tungeendelea kunywa chai, kwa sababu mwenye namba yetu hakuwa nyumbani.

Itume hiyo barua. Ukiituma, usimwandikie Mama tena kupitia kwangu, tafuta mtu mwingine wa kumfikishia. Mdogo wako umeshamzika.

~

2 Mei

Mdogo wangu,

Hati ninayo mimi.

Niliichukua Oktoba. Nilikuja siku mbili, nikamkuta yule bwana amekaa kwenye kiti cha Baba anakula, anasimulia, Mama anacheka mpaka anafuta machozi kwa sare ya mtoto wa watu. Wakaniambia akishaoa atahamia. Nikaona nyumba inakwenda. Asubuhi Mama alipokwenda sokoni na wewe umelala, nikafungua sanduku. Nimeificha hapa chini ya mashuka yasiyotumika. Nilisema naitunza.

Harusi ilipokaribia nilikuwa nimeshakata tiketi. Nilifika stendi na begi. Nikafikiria Mama atanikumbatia mlangoni, ataniuliza za safari, nami nitakaa kwenye kiti kile nipigwe picha. Nikarudi kazini. Kazi haikuwa nyingi.

Sikuombi msamaha kwa kuwa hukuniomba mimi. Bwana wako bado simtaki. Mwanamume mzima anazima tangazo la serikali kwa ajili ya pazia la manjano.

Barua yako ya Februari sikuituma. Nakurudishia humu humu ndani, ile ile, doa la pasi ni langu. Niliisoma tena mara nyingi kuliko nilivyokuambia. Fanya unavyojua wewe. Ukiichana, mtaa umekwenda. Ukiipeleka, bwana amekwenda. Mimi nimechoka kukuchagulia.

Hati siitumi kwa konda. Anakalia vitu.

Dada yako.

~

17 Mei

Dada,

Mama hajambo, leo amenyoosha miguu. Nyuzi zimefika kwenye chumvi.

Barua yako ilifika tarehe tisa. Ile ya Februari niliiweka mezani mbele ya mume wangu kabla ya chakula cha mchana. Aliisoma kwa sauti ya kawaida, mpaka pale kwenye masikio ya sungura akacheka. Halafu akaelewa kwamba nataka kuipeleka halmashauri. Akasema, “Unataka kunifunga mdomo mara ya pili?” Akaacha chakula. Siku nne hakusimama dirishani. Alipita kwenye kona amezima, akapita kwangu amezima, akaenda kuwasha kwenye mashine ya kusaga. Sijawahi kusikia kimya kirefu kama hicho, na nimelia mpaka pazia nimelitoa. Ninakuambia ili ujue halikuwa jambo jepesi. Usifurahi.

Kikao cha halmashauri kilikuwa tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, kwenye ule ukumbi wenye viti vya plastiki vilivyoandikwa namba kwa rangi nyeupe. Wenye nyumba wote tisa walikwenda, Mama akiwa na sindano bado imechomekwa kifuani. Diwani alisema barabara ni maendeleo. Katibu alisoma kwenye daftari kwamba wananchi walitangaziwa ipasavyo Februari kumi na moja, mara mbili. Fundi viatu akasema hakusikia. Katibu akasema kutosikia ni tatizo la hospitali. Watu wakacheka. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni, kwenye mashine ya kipaza sauti, anageuza vifungo, hanitazami.

Nikanyoosha mkono. Katibu akauliza nani huyo, mtu akamjibu nyuma, “Dirisha la Bwana Tangazo.” Kumbe mji mzima unaniita Dirisha, na mimi nilidhani ni siri.

Nikaisoma, Dada. Yote. Nilianza na shikamoo na Mama kusimama nyuma yangu. Nilisoma mbwa, nilisoma masikio ya sungura, nilisoma wananchi wote wa dirisha hili mnatangaziwa kwamba mnapendwa. Ukumbi ulicheka mpaka mlinzi akaingia kuangalia. Diwani akagonga meza akasema, “Bibi, hapa ni barazani, si chumbani kwako.” Nikamwambia, “Ndiyo, mheshimiwa, na hicho chumba ndicho mlichokichora X.” Hapo kicheko kikapungua. Nikarudia pale penye kona ya fundi viatu na mashine ya kusaga, polepole, na tarehe. Halafu nikasema na la mkono wangu, kwamba siku hiyo karatasi ilifika dirishani na mimi ndiye niliyemziba mdomo. Mama aligeuka akanitazama. Akachomoa sindano kifuani akaichomeka tena pale pale.

Katibu akamgeukia mume wangu. Akamwuliza kama maneno ya mkewe ni ya kweli. Mume wangu akasema kitu, chini sana. Katibu akasema, “Kwenye kipaza sauti, mwandishi wa kikao aandike.” Dada, mtu huyu aliyetangaza maji na mbwa na paka waliopotea alishika kile kipaza sauti kama ameshika nyoka. Akasema, “Ni kweli. Mtaa huo sikuutangazia. Sijautangazia tangu Desemba.” Sauti ilikuwa ile ile. Nzuri vile vile.

Diwani na katibu wakanong’ona kwa dakika ishirini. Wametoa siku mpya kwa mtaa wetu, mpaka Mei thelathini na moja, hati halisi mezani, si nakala. Mwenye kuleta atasikilizwa, na mpima ardhi amekiri mbele ya watu kwamba barabara inaweza kupita nyuma ya mashine ya kusaga, vigingi vya kwanza vilikuwa huko. Mume wangu wamemnyang’anya funguo za gari hapo hapo, mbele yangu. Wamesema watamwita.

Alitoka hakuniongojea. Nikajua nimempoteza. Nikatembea na Mama mpaka nyumbani, Mama yuko mbele, mimi nyuma. Tulipofika kwenye kona ya fundi viatu nikamsikia. Bila gari, bila chochote, amesimama katikati ya barabara na karatasi, mbele ya watu wale wale tuliotoka nao ukumbini, wanajua kila neno: “Wananchi wa mtaa huu mnatangaziwa.” Akasoma namba moja moja, arobaini na moja, akangoja, arobaini na mbili, akangoja, mlango kwa mlango, jasho linamtoka. Mwalimu mstaafu alimwambia, “Umechelewa miezi mitatu, bwana mdogo.” Akamjibu, “Ndiyo, Mwalimu,” akasoma tena. Fundi viatu hajamsamehe, lakini alimpa maji. Alipofika arobaini na sita alisimama kwenye ile X ya waridi akaisoma kwa mama mkwe wake macho kwa macho. Dirishani kwangu alipita. Hakusimama. Ila alipopita aliweka kiganja kwenye kizingiti, pale ninapoegemea, akakiacha kidogo. Nimelirudisha pazia.

Mpaka leo watu wanane wamepeleka hati. Wanatuuliza, nyie je, mshona sare, mbona hamjaenda? Mama ananitazama mimi. Sijamwambia iko wapi. Nimemwambia inatunzwa. Hilo utalisema wewe, kwa mdomo wako, ukiwa umesimama mbele yake. Mimi langu nililisema mbele ya viti mia.

Mimi sijasahau ulivyogeuza pale stendi siku zile za harusi, wala yale ya kiti cha Baba. Nimekasirika na wewe vizuri sana, hasira yangu imepumzika na imekula. Wala sitaki uiamini mikono ya konda. Nimekata tiketi mbili za tarehe ishirini na mbili, maana mume wangu sasa ana nafasi, na wewe bado hujamsikia vizuri. Safari ni siku mbili. Itoe hati chini ya mashuka, na uchukue ruhusa ya wiki, kwa sababu tunarudi watatu. Usijifanye upo zamu. Usipofungua mlango nitamwambia akuite kutoka barabarani, kwa jina lako lote na la Baba, na gari hahitaji. Kabla ya mwezi huu kwisha tutakuwa mlangoni pako.

Dirisha.